Je, Uadimu wa Kitu Ndio Thamani Yake?



Mwalimu mmoja wa usharika wa pwani ametuletea swali ambalo tumeliona kuwa kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Bibi yake alimwachia kisanduku, na ndani yake mlikuwamo fedha mbili za kale, za mviringo, zenye uzito mmoja. Wazee wa mji wake walizijua kwa jina la reale ya mzinga, kwa sababu zimechorwa nguzo mbili, na macho ya watu wa pwani yaliziona nguzo hizo kama mizinga iliyosimamishwa. Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akazitazama, akazigeuza, akataja bei. Kwa ile ya kwanza alitaja bei ndogo. Kwa ile ya pili alitaja bei iliyoizidi ya kwanza mara nyingi. Mwalimu akamwuliza, "Je, bwana, hii ina fedha safi zaidi?" Akajibiwa, "La, ni sawasawa. Lakini hii ni adimu."

Basi mwalimu yule atuuliza: Je, ni haki kitu kimoja kuhesabiwa bora kuliko mwenzake, ikiwa hakikizidi kwa lolote ila kwamba wenzake wengine wamepotea? Na ikiwa ni haki, je, uadimu ndio thamani?

Tusiharakishe kujibu. Kwanza na tuzijue fedha zenyewe, zimetoka wapi na zimepita mikononi mwa nani. Maana mtu asiyejua asili ya kitu hawezi kukipima.

Nguzo zile si mizinga. Ni mfano wa Nguzo za Herakle, yaani milima miwili ya mlango wa bahari wa Gibraltar, ambayo watu wa kale waliihesabu kuwa mwisho wa dunia. Wahispania walipokwisha kuvuka bahari na kuzitwaa nchi za Amerika, waliandika penye nguzo hizo maneno mawili ya Kilatini, Plus Ultra, maana yake, "mbele zaidi." Na neno letu la reale asili yake ni real ya Wahispania na Wareno, maana yake, "ya kifalme." Fedha kubwa ilikuwa na thamani ya reale nane, na uzito wake ulikuwa yapata gramu 27.

Nyumba ya kwanza ya kupigia fedha katika Amerika iliamriwa katika mji wa Mexico mwaka 1535. Miaka kumi baadaye, mwaka 1545, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, ilionekana fedha katika mlima ulioitwa na Wahispania Cerro Rico, yaani Mlima wa Utajiri. Chini yake ukatokea mji wa Potosí, mahali palipoinuka yapata mita 4,000 juu ya bahari, penye baridi kali na pasipoota nafaka. Walakini kwa ajili ya fedha watu walikusanyika huko, hata mwanzoni mwa karne ya 17 mji ule ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 160,000, ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia. Nao ulikuwa na nyumba yake ya kupigia fedha tangu miaka ya 1570.

Fedha za kwanza zilifanywa kwa mkono. Fedha iliyoyeyushwa ilimiminwa kuwa mapau, mapau yakakatwa vipande, na kila kipande kikapunguzwa kwa patasi hata kikapata uzito wake. Ndipo kikapigwa nyundo kati ya chapa mbili. Kwa hiyo hazikuwa na umbo moja. Nyingine zilikuwa kama jiwe lililovunjika. Walaghai walizipunguza pembeni, wala haikuwa rahisi kuwatambua. Kwa sababu hiyo mwaka 1732 mji wa Mexico ulianza kupiga fedha kwa mashine, za mviringo kamili, zenye alama ukingoni ili mtu asiweze kuzikata bila kuonekana. Hizi ndizo zenye nguzo mbili na dunia mbili katikati, juu ya mawimbi ya bahari. Tangu mwaka 1772 uso wa mfalme ulichorwa upande mmoja, na zile nguzo zikahamia upande wa pili, kushoto na kulia kwa ngao yake.

Fedha hii ilienea kuliko fedha yoyote iliyoitangulia. Tangu 1565 hata 1815 merikebu za Wahispania ziliichukua toka Acapulco hata Manila, na toka Manila ikaingia Uchina, ambako wafanyabiashara waliigonga mihuri yao midogo kushuhudia kwamba ni safi. Marekani iliikubali kuwa fedha halali ya nchi hata mwaka 1857. Ilifika Bara Hindi, ikafika Arabuni, ikafika na kwetu. Basi ikiwa ilikuwa nyingi hivi, imekuwaje leo nyingine kuitwa adimu?

Sababu ni nyingi, na msomaji azitazame vizuri, kwa kuwa jibu letu limo ndani yake. Kwanza, katika miaka mingine zilipigwa chache. Pili, nyingi ziliyeyushwa. Wachina walizifanya mapande ya fedha, watu wa Bara Hindi wakazifanya rupia, sonara kila mahali wakazifanya bangili na mikufu. Tatu, nyingi zilizama. Mwaka 1622 merikebu Nuestra Señora de Atocha ilipotea kwa tufani karibu na visiwa vya Florida, na mwaka 1715 msafara mzima wa Wahispania ulivunjwa na tufani penye pwani ya nchi iyo hiyo. Nne, nyingine zilibadilishwa na serikali, na habari yake ni ya kushangaza.

Mwaka 1812 koloni ya Waingereza ya New South Wales, katika nchi ya Australia, ilipata reale nane 40,000 za Kihispania. Gavana Lachlan Macquarie aliogopa kwamba wafanyabiashara wataziondoa kwa merikebu, na nchi itabaki bila fedha. Kwa hiyo mwaka 1813 aliamuru zitobolewe katikati, ili nchi nyingine zisizitamani. Pete ile yenye tundu ilihesabiwa kuwa shilingi 5, na kipande kilichotoka katikati kikahesabiwa kuwa senti 15 za Kiingereza za wakati ule, yaani shilingi na robo. Aliyepewa kazi ya kuzitoboa alikuwa William Henshall, mtu aliyepelekwa huko kama mfungwa kwa kosa la kughushi fedha. Tangu mwaka 1822 serikali ilianza kuzikusanya, zikayeyushwa karibu zote. Leo pete hizo zilizobaki zakadiriwa kuwa yapata 300 tu, na kila moja yanunuliwa kwa mali nyingi sana. Tazameni basi: zilitobolewa kusudi zisitamaniwe, nazo leo zatamaniwa kuliko fedha nzima zilizo safi, zisizo na dosari.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba uadimu si sifa iliyomo ndani ya kitu. Uzito umo ndani ya fedha, na usafi wake umo ndani yake. Ukiipeleka mbali au ukiizika ardhini, havibadiliki. Lakini uadimu ni habari za wenzake, yaani wangapi wamebaki. Na bei ni habari za watu, yaani wangapi waitaka. Ushahidi ni huu. Mwaka 1985 wapiga mbizi waliipata shehena kubwa ya Atocha, na fedha zaidi ya 100,000 zikatolewa baharini. Tena mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani ilitoa katika bahari karibu na Ureno fedha zipatazo 594,000 za merikebu Nuestra Señora de las Mercedes, iliyolipuka ilipopigana na Waingereza tarehe 5 Oktoba 1804. Siku vitu kama hivi vitolewapo, fedha iliyokuwa adimu huenda ikawa ya kawaida, na mwenye kuifungia kabatini hapati habari. Fedha yake haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni nini? Ni neno la watu juu yake.

Pengine msomaji atasema, "Basi uadimu ni upuuzi, na mnunuzi yule ni mjinga." Hatusemi hivyo. Kitu kilichobaki peke yake ni kama mzee wa mwisho aliyeyaona mambo ya zamani; akifa huyo, hakuna wa kuulizwa tena. Fedha kumi elfu za mwaka mmoja zikiwapo, moja ikipotea hatupotewi na neno; lakini ya mwisho ikiyeyushwa, neno lile limefutika. Kwa hiyo kitu adimu chastahili kutunzwa kwa uangalifu zaidi. Uadimu watupa wajibu wa kulinda. Kosa laanza pale tunapodhani kwamba, kwa kuwa watupa wajibu wa kulinda, basi umetupa na kipimo cha ubora.

Na tuone jinsi kipimo hicho kinavyoweza kudanganya. Katika kila fedha ya Potosí ilipigwa herufi moja au mbili za jina la mpimaji, mtu aliyeapa kwamba fedha ile ina usafi upasao. Herufi ile haikuwa pambo. Ilikuwa kama mtu kusema mbele ya ulimwengu wote, "Ikiwa ni mbovu, niulizeni mimi." Walakini katika miaka ya 1640 wapimaji na wafanyabiashara wa Potosí walishirikiana kuichanganya fedha na shaba kupita kiasi. Wafanyabiashara wa Ulaya wakaanza kuikataa. Mfalme akamtuma mkaguzi, Francisco de Nestares Marín, na mfanyabiashara tajiri Francisco Gómez de la Rocha akauawa mwaka 1650 kwa hatia hiyo. Fedha zile mbovu zikapunguzwa thamani, nyingine zikapigwa muhuri wa taji ili zijulikane, na mwaka 1652 chapa ikabadilishwa. Leo fedha zile zenye muhuri wa taji hutafutwa kwa bidii na wakusanyaji. Udanganyifu wa jana umekuwa hazina ya leo! Sokoni dhambi ile imeongeza bei. Je, imeongeza ubora? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo.

Tena kuna neno lingine, lililo gumu zaidi. Mwaka 1772 serikali ya mfalme Carlos III ilipunguza usafi wa fedha zake toka sehemu 917 katika 1000 hata yapata 903, na mwaka 1786 hata yapata 896. Amri hiyo ilikuwa ya siri. Watu walioipokea fedha yenye uso wa mfalme waliiamini kama walivyoiamini ya kwanza. Rocha alikufa kwa tendo hilo. Mfalme hakuulizwa na mtu. Kweli upungufu wa mfalme ulikuwa mdogo kuliko wa Rocha. Lakini jambo ni lilo hilo, kuwapa watu pungufu huku ukiwaambia ni kamili. Hapo twaona kwamba herufi ya mpimaji ina maana zaidi ya mwako wa fedha. Heri fedha ndogo yenye neno la kweli juu yake.

Sasa tumefika penye moyo wa swali. Fedha ya Potosí ina jina la mfalme, ina alama ya mji, ina herufi ya mpimaji. Jina la nani halimo? Halimo jina la aliyeichimba.

Katika miaka ya 1570 makamu wa mfalme, Francisco de Toledo, aliweka sheria iliyoitwa mita. Vijiji vya wenyeji, Waquechua na Waaymara, katika wilaya nyingi vilipaswa kutoa mtu mmoja katika kila wanaume saba, kila mwaka, aende Potosí. Jumla yao ilipata watu 13,500 kwa mwaka. Walitembea safari ndefu pamoja na wake zao na watoto wao na wanyama wao. Walishuka mashimoni kwa mwanga wa mishumaa, wakapanda ngazi na mzigo wa mawe mgongoni. Ujira wao ulikuwa mdogo kuliko wa vibarua walio huru. Nje ya mashimo mawe yalisagwa, unga wake ukachanganywa na zebaki iliyoletwa toka machimbo ya Huancavelica, na sumu ya zebaki iliwaharibu wachimbaji wa huko na wafanyakazi wa huku. Watumwa walioletwa toka Afrika nao walifanya kazi katika nyumba ya kupigia fedha. Desturi hii ya mita ilidumu zaidi ya miaka 200; bunge la Hispania lilitoa amri ya kuikomesha mwaka 1812, nayo ikakoma kabisa mwaka 1825, utawala wa Wahispania ulipokwisha.

Kwa nini waliwatumia watu hivi? Sababu moja tuliyoiona ni hii, kwamba watu walikuwa wengi na fedha ilikuwa chache. Akifa mmoja, kijiji kilitakiwa kutoa mwingine. Wakubwa wale walikuwa wakipima kwa uadimu. Fedha ni haba, basi ni ya thamani. Watu ni wengi, basi ni rahisi. Huo ndio mwisho wa njia ya mtu asemaye kwamba uadimu ndio thamani.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ng'ambo tu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alipatana na Sultani wa Kilwa kwa mkataba. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20, tena kwa kila kichwa Sultani apewe zawadi ya piastre 2. Piastre ndilo jina ambalo Wafaransa waliiita fedha yetu hii hii ya reale nane. Na tufanye hesabu. Fedha 20, kila moja gramu 27, ni gramu 540. Yaani mtu mzima, mwenye jina, mwenye mama aliyemlilia, alipimwa kwa fedha izidiyo nusu kilo kidogo tu. Watu waliolazimishwa kuchimba upande mmoja wa dunia, na watu waliouzwa upande wa pili. Katikati yao ikapita fedha moja, nyeupe, safi, imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Mpimaji aliyapima yote yaliyomo ndani ya fedha. Hakuna aliyempima mtu kwa mizani ipasayo.

Mizani ipasayo ni ipi? Kitu huwa adimu wenzake wanapopotea. Lakini mtu hangoji wenzake wapotee. Hata kama wako elfu elfu, kila mmoja ni mmoja tu tangu kuzaliwa kwake. Hakupigwa kwa chapa, wala hakuna wa pili wa kuwekwa mahali pake. Ukiyeyusha reale moja waweza kupiga nyingine iliyo sawa nayo. Mtu wa Kilwa aliyeuzwa kwa fedha 20, nani awezaye kumrudisha kwa fedha 20, au kwa elfu 20? Kwa hiyo wanaosema kwamba vitu vyote vina bei, bali adimu vina bei kubwa, wamesema kweli juu ya vitu. Wakimtia mtu katika hesabu hiyo wamekosa tangu mwanzo, hata wakimtajia bei kubwa namna gani.

Zile fedha 594,000 za Mercedes zilizua kesi katika mahakama za Marekani. Kampuni iliyozitoa ilizidai. Hispania ilizidai, kwa kuwa merikebu ilikuwa ya jeshi lake. Peru nayo ilizidai, ikisema fedha ilitoka katika ardhi yake na kupigwa katika nchi yake. Mahakama iliamua kwa sheria ya merikebu za serikali, na mwaka 2012 zikapelekwa Hispania, ambako nyingine huonyeshwa kwa watu katika nyumba ya makumbusho. Hatutaki kuhukumu juu ya sheria. Ila twasema kwamba kulikuwako mdai wa nne, asiyekuwa na wakili, naye ni yule ambaye jina lake halikupigwa katika fedha. Yeye hawezi kulipwa tena. Awezalo kupewa ni kukumbukwa kwa kweli, na wakusanyaji na makumbusho wana wajibu wa kuandika habari zake kando ya habari za mfalme.

Basi twamjibu ndugu yetu mwalimu hivi. Hukosi ukiiuza fedha yako kwa bei ya mnunuzi, maana bei ni mapatano ya watu wawili, na uadimu ni sababu halali ya bei. Lakini mweleze kweli jinsi ulivyoipata, wala usimfiche kasoro yake ukiijua. Maana sasa wewe ndiwe mpimaji, na neno lako ndiyo herufi iliyopigwa juu yake. Usiitoboe, wala usimpe sonara aiyeyushe. Wala usidhani kwamba ile nyingine, iliyopewa bei ndogo, ni dhaifu. Mikono iliyoichimba ilichoka vilevile.

Tena kabla hujaiuza, waite watoto wako. Waweke fedha zote mbili mbele yao, uwaonyeshe nguzo, na uso wa mfalme, na herufi za mpimaji. Waulize jina la nani halimo. Wakikwisha kufikiri, wasimulie habari za Potosí na za Kilwa. Kisha fanya biashara yako kwa amani.